An Wang: mwanafunzi wa kigeni aliyefungua ofisi kwa dola 600

Kila mwaka ikifika miezi ya kutuma maombi ya ufadhili, mazungumzo ya hosteli hubadilika. Huyu anakimbizana na mhadhiri wa kumwandikia barua, yule anahangaika na mtihani wa Kiingereza, mwingine anauliza kama GPA yake itamfikisha China, Uturuki au Marekani. Karibu maswali yote ni ya namna ya kuingia. Ni mara chache nasikia mtu akiuliza la mbele zaidi: nikishamaliza kule, nikawa na wazo langu la biashara, sheria za nchi ile zitaniruhusu kulifanyia kazi? Au nitaambiwa nitafute mwajiri haraka, la sivyo nifunge begi?

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute habari za An Wang. Kwa kizazi chetu jina lake halisemi kitu, lakini miaka ya 1980 lilikuwa limebandikwa kwenye mashine za maofisi mengi duniani. Alikuwa Mchina aliyekwenda Marekani kusoma, akamaliza, akabaki, akaanzisha kampuni iliyokuja kuajiri watu zaidi ya 30,000. Alifariki mwaka 1990. Namsimulia hapa kwa sababu maisha yake yanatuonyesha vizuri milango ya uhamiaji ilivyo: nani anafunguliwa, kwa sababu gani, na bei yake ni nini.

Kutoka Shanghai mpaka Boston

An Wang alizaliwa Shanghai tarehe 7 Februari 1920. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika mji wa Kunshan, kama kilomita 50 kutoka Shanghai. Shule ya pale ilikuwa inaanzia darasa la tatu, hivyo mtoto wa mwalimu akaingizwa darasa la tatu akiwa na miaka sita, akikaa na watoto waliomzidi umri. Tangu hapo akawa mdogo kuliko wenzake kila alikokwenda. Hesabu na sayansi zilimkubali, masomo mengine aliyaburuza tu.

Akiwa na miaka 16 alijiunga na Chuo Kikuu cha Chiao Tung, Shanghai, kusoma uhandisi wa umeme. Mwaka uliofuata, 1937, Japani ikaivamia China. Chuo kililazimika kuhamia eneo la Shanghai lililokuwa chini ya Wafaransa, ambako vita haikuingia moja kwa moja. Alihitimu mwaka 1940. Mwaka 1941 akaondoka kwenda ndani ya nchi, Guilin, kutengeneza redio na mitambo ya kurushia mawasiliano kwa ajili ya jeshi la serikali yake. Vipuri vilikuwa haba, wahandisi walitumia chochote walichopata, na ndege za Japani zilikuwa zinapiga mabomu mji. Katika miaka hiyo ya vita alifiwa na wazazi wake wote wawili na dada yake.

Vita ilipokaribia mwisho, serikali ya China iliandaa mpango wa kupeleka mamia ya wahandisi vijana Marekani wakajifunze teknolojia, kisha warudi kujenga nchi. Wang alifanya mtihani akachaguliwa. Mwaka 1945 alirushwa kwa ndege juu ya milima ya Himalaya mpaka India, akapanda meli, na mwezi Juni akatua Marekani. Alikuwa na miaka 25.

Mpango ulisema vijana wale wakae kwenye makampuni kama wanagenzi. Wang hakuupenda. Aliona atajifunza zaidi darasani kuliko kuzungushwa kiwandani, akaomba Harvard. Hapo bahati nayo ilichangia: vijana wengi wa Kimarekani walikuwa bado jeshini, chuo kilikuwa na nafasi tupu. Akapokelewa. Shahada ya uzamili aliimaliza mwaka 1946 kwa mihula miwili. Fedha za serikali zilipokata, alikwenda Ottawa, Kanada, kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya manunuzi ya serikali ya China, kazi iliyomchosha mapema. Akarudi Harvard mwanzoni mwa 1947, na mwaka 1948 akawa na shahada ya uzamivu ya fizikia tumizi. Hesabu mwenyewe: PhD kwa muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Kwa sisi ambao tafiti za shahada ya kwanza zinatutoa jasho miaka mitatu, tunyamaze kidogo.

Sheria ilivyokuwa

Kabla sijaendelea, tuangalie sheria aliyoikuta, maana bila hiyo habari nzima inabaki kuwa hadithi ya mtu hodari tu.

Tangu mwaka 1882 Marekani ilikuwa na sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini na kuwanyima Wachina haki ya kuomba uraia. Ilidumu miaka 61. Mwaka 1943, China na Marekani zikiwa upande mmoja wa vita, ikafutwa. Lakini ufutaji wenyewe ulikuwa wa kusitasita: Wachina wa dunia nzima walipewa nafasi 105 tu za uhamiaji kwa mwaka. Unasoma sawasawa, watu mia moja na tano. Jambo kubwa zaidi katika sheria ile lilikuwa lile la pili: Mchina aliyekwisha kukaa kihalali sasa aliweza kuomba uraia.

Mwanafunzi hakuhesabiwa kwenye hizo 105. Aliingia kama mgeni wa muda, na kilichotarajiwa ni kwamba atasoma na kurudi kwao. Wang na wenzake walikuwa katika kundi hilo. Hakukuwa na viza ya mwanzilishi wa biashara. Hakukuwa hata na wazo hilo.

Kilichobadilisha hesabu kilikuwa siasa. Oktoba 1949 Wakomunisti walishika dola Beijing. Serikali iliyomtuma Wang ikakimbilia Taiwan, na maelfu ya wanafunzi wa Kichina wakajikuta Marekani bila serikali ya kuwalipia wala nyumba ya kurudia kwa amani. Juni 1950 vita ya Korea ikaanza, na kabla mwaka haujaisha wanajeshi wa China na wa Marekani walikuwa wanapigana ana kwa ana. Marekani ikawa na tatizo la ajabu: wanasayansi vijana kutoka nchi adui walikuwa ndani ya vyuo vyake. Ikatoa fedha za kuwasaidia waliokwama. Sheria ya mwaka 1948 iliyotungwa hasa kwa ajili ya wakimbizi wa vita ya Ulaya ikatumika pia kuwapa ukaazi baadhi ya Wachina walioshindwa kurudi. Na wale waliosomea mambo nyeti, waliotaka kurudi China, baadhi yao wakazuiwa wasiondoke.

Kwa maneno mengine, kizazi cha Wang hakikubakishwa kwa sababu ya mawazo ya biashara. Mlango uliofunguka ulikuwa wa watu waliokosa pa kurudi.

Maabara na vipete vya sumaku

Mwezi Mei 1948 Wang alianza kazi katika maabara ya kompyuta ya Harvard chini ya Howard Aiken, mtu aliyekuwa amebuni mashine kubwa ya kukokotoa iitwayo Mark I. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na shida moja iliyowaumiza vichwa wote: zitunze wapi kumbukumbu kwa namna ambayo ni ya haraka na isiyotegemea sehemu zinazozunguka?

Aiken alimkabidhi Wang swali hilo. Wazo la kutumia sumaku lilikuwepo. Kipete kidogo cha madini ya sumaku kinaweza kuelekezwa upande mmoja au mwingine, na pande hizo mbili zikasimama badala ya moja na sifuri. Tatizo ni kwamba ukitaka kujua kipete kimeelekea wapi, unakipitishia umeme, na umeme huo huo unafuta kilichokuwemo. Kusoma ni kuharibu. Wang aliumiza kichwa kwa wiki kadhaa kutafuta namna ya kusoma bila kuharibu, kisha akaona kwamba hakukuwa na haja. Acha kifutike. Ukishakisoma unajua kilikuwa nini, basi kiandike tena hapo hapo. Mambo yanakwenda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hakuna atakayeona tofauti.

Ukilisikia sasa linaonekana jepesi. Lakini pamoja na kazi ya wengine, hasa Jay Forrester wa MIT aliyepanga vipete hivyo katika wavu wa nyaya, wazo hilo liliingia katika kumbukumbu za kompyuta karibu zote mpaka miaka ya 1970.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Oktoba 1949 Wang aliomba hataza ya uvumbuzi huo kwa jina lake mwenyewe. Kwa utaratibu wa Harvard wa siku zile aliruhusiwa kufanya hivyo, ingawa bosi wake hakufurahi. Katika vyuo vingi leo, uvumbuzi unaofanyika kwa vifaa na mshahara wa chuo ni mali ya chuo, na mbunifu hupewa asilimia. Kama Wang angekuwa chini ya kanuni za namna hiyo, sidhani kama kungekuwa na kampuni. Hivyo wewe unayefanya mradi wako wa mwaka wa mwisho ukiwa na matumaini nao, tafuta sera ya haki miliki ya chuo chako uisome leo, kabla hujawaonyesha watu.

Juni 1951

Harvard ilianza kupunguza hamu na utafiti wa kompyuta. Wang angeweza kutafuta ajira kwingine; mtu mwenye PhD yake asingekosa. Alikuwa ameoa mwaka 1949. Mkewe, Lorraine Chiu, naye alitoka Shanghai na alikuwa amekwenda Marekani kusoma. Walikuwa na mtoto mchanga, Fred, aliyezaliwa 1950. Ndugu wa karibu wa kuwashika mkono hawakuwepo.

Tarehe 22 Juni 1951 alifungua Wang Laboratories kwenye chumba cha Columbus Avenue, mtaa wa South End, Boston. Mtaji ulikuwa akiba yake ya dola 600. Ndani kulikuwa na meza, kiti na simu. Mfanyakazi alikuwa yeye peke yake. Biashara ilikuwa kuuza vipete vya kumbukumbu kwa maabara zilizovihitaji, dola nne kimoja, na kuchukua vibarua vya kubuni mitambo midogo.

Nataka msomaji aitazame tarehe ile tena. Nchi aliyozaliwa na nchi aliyokuwa anaishi zilikuwa vitani. Magazeti ya Boston yalikuwa yanaandika habari za vijana wa Kimarekani wanaouawa na Wachina. Na huyu Mchina anachapisha kadi za biashara. Wapo walioona ni wazimu. Yeye alikuwa na elimu ambayo wateja hawakuweza kuipata kwingine kirahisi, na katika biashara ya kuuza kwa maabara, mnunuzi alichotaka kujua ni kama kifaa kinafanya kazi.

Wawili wa chuo kimoja

Ili nisionekane napamba, nitaje mtu mwingine. Qian Xuesen alihitimu Chiao Tung hiyo hiyo mwaka 1934, miaka sita kabla ya Wang. Alikwenda Marekani kwa ufadhili, akapata shahada ya uzamili MIT na uzamivu Caltech, akawa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa roketi nchini humo. Wakati wa vita alifanya kazi za siri kwa jeshi la Marekani. Alikuwa ameshaomba uraia.

Mwaka 1950 alishukiwa ukomunisti, akanyang'anywa kibali cha kazi za siri, akawekwa kizuizini kwa muda. Kisha kwa miaka mitano aliishi chini ya uangalizi, haruhusiwi kuendelea na kazi zake za siri wala kuondoka nchini. Septemba 1955 alipanda meli pamoja na familia yake kurudi China, katika makubaliano yaliyohusu Wamarekani walioshikiliwa huko. Alipofika akaijengea China mpango wake wa makombora na anga za juu.

Mwaka huo huo, 1955, An Wang akawa raia wa Marekani.

Chuo kimoja, nchi moja, vipaji vya daraja moja. Mmoja alifanya kazi na jeshi, mwingine akauza vipete. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba nchi za watu huchuja wageni kwa akili zao tu, mwambie asome habari za Qian. Mara nyingi faili lako linaamuliwa na mambo usiyoyashika: vita gani inaendelea, nani yuko madarakani, jina la nchi lililoandikwa kwenye pasipoti yako.

Bei ya mtaji

Mwaka 1956 Wang aliiuzia IBM hataza yake. Kiasi kilichokubaliwa kilikuwa nusu milioni ya dola, baada ya mazungumzo marefu ambayo hakuyafurahia, na tangu hapo aliiangalia IBM kama mpinzani. Fedha zile zilimpa pumzi, lakini kiwanda kilihitaji zaidi. Mwaka 1959 akauza robo ya hisa za kampuni kwa Warner & Swasey, watengenezaji wa mashine wa Cleveland. Alipata dola 50,000 na nafasi ya mkopo. Baadaye alijutia: robo nzima kwa fedha ambazo kampuni ingezizalisha yenyewe baada ya muda mfupi.

Kisha yakaja mafanikio. Mwaka 1965 alitoa kikokotoo cha mezani kiitwacho LOCI, kilichofanya kazi ya kuzidisha na kugawanya kwa kutumia logi zile zile tunazozilalamikia. Kikafuatwa na modeli ya 300, iliyokuwa rahisi kutumia, na ikapendwa na maofisi. Agosti 1967 kampuni iliingia soko la hisa. Hisa ilitolewa kwa dola 12.50, siku ilipofungwa ilikuwa imepita 40. Familia ikatajirika kwa siku moja.

Vikokotoo vilipoanza kushuka bei mapema miaka ya 1970, Wang alijitoa kabla havijamzamisha. Akaingia kwenye mashine za kuandikia. Mwaka 1976 kampuni ilionyesha New York mfumo wa kuchakata maneno wenye kioo: karani anayaona maneno yake mbele yake, anafuta, anahamisha aya, anasahihisha kabla hajachapa. Kwa watu waliozoea taipureta, ambapo kosa moja kwenye ukurasa wa mwisho lilimaanisha kuanza upya, ilikuwa kama miujiza. Kila anayepeleka ripoti yake stesheneri ya getini ikasahihishwe dakika ya mwisho anafaidi mambo ya ukoo huo.

Mwaka huo huo alifanya jambo jingine ambalo halikuonekana dukani. Alitoa hisa za aina ya pili zenye nguvu ndogo ya kura, ili apate mtaji bila familia kupoteza usukani. Soko kubwa la New York halikukubali mpango huo, akahamishia hisa soko la American. Aliyejutia robo ya mwaka 1959 alikuwa amejifunza, na tutaona kwamba alijifunza kupita kiasi.

Faida kwa mwenyeji

Makao makuu yalihamia Lowell, mji wa Massachusetts uliojengwa na viwanda vya nguo, vikafa, ukabaki na majengo matupu na vijana wasio na kazi. Wang alijenga minara ya ofisi pale. Maelfu ya watu wakapata ajira. Alifungua pia kiwanda mtaa wa Chinatown, Boston. Alitoa fedha za kuokoa jumba kubwa la maonyesho la Boston lililokuwa linachakaa, na za kituo cha wagonjwa wa nje katika hospitali ya Massachusetts General. Mwaka 1986, sanamu ya Uhuru ilipotimiza miaka mia, Rais Reagan alitoa nishani kwa raia kumi na wawili waliozaliwa nje ya Marekani. Wang alikuwa mmoja wao.

Kwa anayeandaa sera, hapa ndipo penye hoja. Mgeni yule hakuchukua kazi ya mtu wa Lowell. Lakini mwaka 1951, ndani ya chumba kile chenye meza na simu, hakuna afisa uhamiaji ambaye angeweza kuiona minara hiyo. Ukimtaka mwanzilishi athibitishe ajira 30,000 kabla hujampa kibali, hutampata hata mmoja.

Leo angepita wapi?

Nimejaribu kumweka Wang katika sheria za leo. Mwanafunzi wa kigeni Marekani huingia kwa viza ya F-1. Akihitimu anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12, muda unaoitwa OPT, na humo anaweza hata kujiajiri. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24, ila hiyo nyongeza inataka mwajiri halisi anayekusimamia na kukufundisha. Kujisimamia mwenyewe hakukubaliki. Baada ya hapo wengi hutegemea H-1B, inayoombwa na mwajiri, yenye kikomo cha kawaida cha nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa waliopata shahada za juu Marekani. Waombaji wakizidi, na huzidi, inapigwa bahati nasibu.

Viza ya mwanzilishi haipo mpaka leo. Miswada imepelekwa bungeni mara kadhaa bila kupita. Kilichopo ni kanuni ya mwaka 2017 inayomruhusu mjasiriamali kukaa miezi 30, na kuongezewa 30 mingine, kama ana angalau asilimia 10 ya kampuni changa na, kwa njia ya kawaida, amepata zaidi ya robo milioni ya dola kutoka kwa wawekezaji wanaotambulika. Hiyo ni ruhusa ya muda, na yenyewe haikufikishi kwenye ukaazi wa kudumu. Uingereza wana njia inayoitwa Innovator Founder, iliyoanza 2023: unahitaji taasisi iliyoidhinishwa ikupitishe kwamba biashara yako ni mpya, inawezekana na inaweza kukua.

Sasa chukua dola 600, hata uzigeuze kwa thamani ya leo, ambayo ni elfu chache tu, uone kama zinafika. Hazifiki. Wang wa leo angelazimika kutafuta wawekezaji kwanza, yaani kuuza vipande vya kampuni mwanzoni kabisa, wakati ni rahisi kuliko wakati wowote. Lile kosa lake la 1959 leo ni sharti la kuingia.

Na sisi je?

Itakuwa unafiki nikiishia Marekani. Hapa Tanzania tuna wenzetu kutoka Burundi, Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na kwingineko, tunakaa nao benchi moja. Mwanafunzi wa kigeni hukaa kwa kibali cha ukaazi daraja C. Akitaka kufanya biashara yake anahitaji daraja A, la wawekezaji na wanaojiajiri. Akiajiriwa ni daraja B pamoja na kibali cha kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha shughuli katika nchi nyingine, lakini kila nchi bado ina vibali na ada zake. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo uwakala wa fedha za simu na ufundi wa simu.

Naielewa hofu iliyoleta amri ile. Kijana wa Kariakoo aliyejikusanyia mtaji kwa taabu hataki kushindana na mgeni mwenye mtaji mkubwa katika kijibiashara cha kuuza reja reja. Lakini mgeni huyo na mhitimu wa kigeni aliyesoma hapa miaka minne, akaandika mfumo wa kompyuta wa kusaidia wakulima au kliniki, ni watu wawili tofauti. Tukiwapima kwa rula moja tutampoteza wa pili, atakwenda kuufungulia mfumo wake Kigali au Nairobi, na vijana wetu wataomba kazi kwake kwa barua pepe.

Mwisho wake

Sitaki kumwacha Wang juu ya mnara. Miaka ya 1980 kompyuta za mezani zikaenea, na mteja akaweza kufanya kuandika, hesabu na mengine kwenye mashine moja ya bei nafuu. Wang Laboratories iliendelea kuuza mifumo yake isiyopatana na ya wengine. Mwaka 1983 ilitangaza bidhaa 14 kwa mkupuo, nyingi zikiwa bado hazijakamilika, na wateja wakaanza kukosa imani. Novemba 1986 akamweka mwanawe Fred kuwa rais wa kampuni, huku mameneja wenye uzoefu wakiondoka. Usukani aliokuwa ameulinda kwa zile hisa za 1976 ulimaanisha pia kwamba hakuna mtu wa nje aliyeweza kumzuia. Mwaka wa fedha ulioishia 1989 hasara ilizidi dola milioni 400. Akiwa mgonjwa wa saratani ya koo la chakula, alimwondoa mwanawe Agosti mwaka ule. Alifariki tarehe 24 Machi 1990. Agosti 1992 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Lowell ikapoteza ajira nyingi tena. Hata hivyo watu waliojifunza kazi kwake walitawanyika kwenye makampuni mengine, na minara ile ilipata wapangaji wapya. Ndivyo biashara zilivyo, za wageni na za wenyeji.

Kwa anayejiandaa kwenda nje, yangu ni matatu. Pamoja na orodha ya vyuo, soma sheria ya baada ya kuhitimu ya nchi unayoiendea, maana inaweza kutofautisha nchi mbili zenye vyuo vya kiwango kimoja. Jua mapema uvumbuzi wako utakuwa mali ya nani. Na usiuze kipande cha kampuni kwa sababu tu viza inakukimbiza, kabla hujauliza kama kuna njia nyingine.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ipo, na kila mwanzo wa mwaka huwasaidia wenzetu kuhuisha daraja C. Ianze pia kuwaeleza wanaomaliza namna ya kutoka C kwenda A au B: fomu zipi, ada kiasi gani, waende wapi. Karatasi moja ubaoni inatosha kuanzia, na iwekwe kabla ya UE za muhula wa mwisho, wakati vibali vyao bado vina siku.